Neno la Siri la Nyumba ya Posa

Shughuli nzima ilinigharimu shilingi elfu thelathini na nne na mia tano, pamoja na siri moja. Fedha nimezihesabu mara mbili: elfu tisa za fundi, elfu ishirini na tano za bando la mwezi, na mia tano ya pini za nepi, ambazo nilihitaji moja tu lakini mwenye duka hauzi moja moja. Siri sikuihesabu, kwa sababu siri ikishatoka haibaki kitu cha kuhesabu. Hata hivyo, kila nikiikumbuka siku ile nacheka peke yangu kibarazani, mpaka wateja wanahisi nimewapunja.

Nilikuwa nauza usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, pamoja na karanga na maharage, mbele ya nyumba yangu pale Mbinga mjini. Nyumba imekaa kwenye mteremko, ukuta wa nyuma mrefu kuliko wa mbele. Mwalimu mmoja jirani akapata uhamisho, akaanza kuuza vitu vyake. Kisanduku cheupe cha intaneti, chenye masikio mawili na laini ya simu tumboni, alikitaka elfu themanini. Nikamuuliza: hakili, hakinywi, hakifui, elfu themanini ni za nini? Tukakutana kwenye hamsini na tano, na kochi dogo juu yake. Hizo hamsini na tano siziingizi kwenye hesabu hii, maana kochi peke yake lilikuwa na thamani hiyo, na kisanduku nilikichukua kama nyongeza.

Ilikuwa miaka ile ambayo kampuni za simu zilitugombania kama wanunuzi binafsi walivyogombania kahawa soko lilipofunguliwa. Sisi tuliokua tukipanga foleni posta ili kupiga simu moja, huku karani anasikiliza na wakati mwingine anachangia mazungumzo, ghafla tukawa watu wa kubembelezwa. Kila wiki bando jipya, kila wiki zawadi. Nami nikajiona mtu mzima wa kisasa, mwenye waifai yangu.

Mwalimu hakuwahi kuiwekea neno la siri. Alisema huwa analisahau. Nami nilikiwasha kama nilivyokikuta, na baada ya siku tatu nikaanza kuona migongo. Watu walikuwa wanakuja kuegemea ukuta wangu wa nyuma: waendesha bodaboda, manesi wanaotoka zamu, katekista mmoja mwenye simu kubwa kuliko misale yake, kile kitabu cha misa. Siku moja nikahesabu migongo kumi na saba. Nikahesabu tena, nikapata kumi na tisa. Wawili walifika nikiwa bado nahesabu.

Mwingine angesikia uchungu. Mimi nilisikia harufu ya biashara. Mtu akiegemea ukuta dakika ishirini njaa inamshika, na akishikwa na njaa hatembei mbali kwa sababu ataacha mtandao. Nikawa nafunga karanga kwenye karatasi na kuzungusha nyuma ya nyumba. Walikuwa wananunua, na juu ya kununua wananilalamikia.

"Shangazi, leo mtandao mzito."

"Mlalamikie aliyekuuzia," nawajibu, nawapa karanga na chenji.

Mambo yangebaki hivyo kama mtoto wa kaka yangu asingeposwa.

Kaka yangu analima kahawa na mahindi huko Mbuji. Binti yake alikuwa amepata kijana mzuri, mtu wa Mbaha, kule ufukweni, aliyekuwa anafanya kazi kwenye makaa ya mawe Ngaka. Baba wa kijana alishafariki. Aliyemlea ni baba yake mkubwa, na neno la mahari lilikuwa la huyo mzee, si la mtu mwingine. Sasa mzee alikuwa Mbeya kwa binti yake, mguu ukiwa kwenye plasta. Hasafiri. Na kijana alikuwa na likizo ya mwezi mmoja tu. Paroko alitaka jina lifike ofisini Jumamosi jioni ili matangazo ya kwanza yasomwe Jumapili. Jumapili hiyo ikipita, Kwaresima inaingia kabla ya ndoa, na baada ya Pasaka kijana anapelekwa kazini mbali. Binti alikuwa anafua shuka ambazo zimeshafuliwa.

Tungeweza kumpigia mzee simu ya kawaida. Mama yangu, yaani bibi yake binti, alikataa.

"Simtoi mjukuu wangu kwa sauti," alisema. "Nataka kuuona uso wa anayemchukua. Sauti hata redio inayo."

Ndivyo posa ilivyohamia kwangu. Kwa desturi hupokelewa kwa baba wa binti, lakini Mbuji kwa kaka ukitaka mtandao unapanda kwenye kichuguu, na posa haipokelewi kwenye kichuguu. Kaka akakubali kwa shingo upande. Mama akauliza, "Siku hizi posa inafuata waya?" Nikamwambia haina waya. Akasema hilo ndilo linalomtisha zaidi.

Alhamisi tukafanya majaribio. Binti wa mzee alipiga kutoka Mbeya kwa simu ya picha, nami nikaiegemeza simu yangu kwenye debe la maharage. Uso wa mzee ukatokea vizuri, akafungua mdomo asalimie, akabaki hivyo hivyo. Mdomo wazi, jicho moja limefumba. Kisha akakatika vipande vipande kama zulia la viraka.

Mama akarudi nyuma. "Huyu baba ana degedege?"

"Hapana mama, ni mtandao."

"Na mguu je, nao ni mtandao?"

Binti akatoka nje na shuka zake. Nikachungulia nyuma ya nyumba: migongo ishirini na mmoja. Kijana mmoja alikuwa anaangalia mpira, mwingine anashusha filamu nzima, na yule katekista alikuwa anatazama watu wa nchi za mbali wanavyotengeneza mikate. Wote hao walikuwa wamekaa juu ya uso wa mkwe wangu.

Ijumaa asubuhi nikaenda kwa jamaa mwenye duka la simu karibu na stendi. Ni Mwislamu, wazee wake walitoka Kilwa, na tumetaniana miaka mingi kiasi kwamba tukisalimiana kwa adabu watu wanauliza kuna nini. Nikamweleza.

"Dawa yake ni kukirudisha kama kilivyotoka kiwandani, halafu unaweka neno la siri," alisema. "Elfu kumi."

"Kukirudisha kiwandani kwa elfu kumi? Hata nauli ya kwenda Songea na kurudi inakaribia hiyo."

"Dada, unalipia elimu."

"Elimu nimeona mwalimu ameiuza kwa hamsini na tano pamoja na kochi. Elfu tatu."

"Saba."

"Nne, na wewe hutoki hapo ulipokaa. Unanielekeza kwa mdomo, naenda kufanya mwenyewe."

Akacheka, akakubali nne. Maelekezo yalikuwa haya: nyuma ya kisanduku kuna kitundu kidogo, chomeka kitu chembamba, bonyeza, hesabu mpaka kumi, taa zote zitazima na kuwaka upya. Halafu geuza kisanduku, chini kuna karatasi yenye neno la siri la kiwandani. Ingia kwa neno hilo, kisha weka la kwako. Nikanunua pini pale pale, nikarudi nyumbani natembea kama daktari.

Nikakiweka kisanduku kwenye meza, mama na binti wanaangalia. Nikachomeka pini. Nikahesabu mpaka kumi. Kisha, kwa tabia yangu, nikahesabu tena kuhakikisha. Taa zikazima. Mama akafanya ishara ya msalaba. Taa zikawaka, moja, mbili, tatu, na binti akapiga makofi kama tumezaa. Nyuma ya nyumba nikasikia mguno mmoja mrefu wa watu wengi, kama timu ya nyumbani imefungwa dakika ya mwisho. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Halafu nikakigeuza nisome lile neno la kiwandani. Karatasi ilikuwepo. Maandishi hayakuwepo. Palikuwa na wingu la bluu tu.

Nilikumbuka mara moja. Mwezi mmoja nyuma padri alikuja kubariki nyumba za jumuiya yetu, na alipofika kwangu nilimwomba asikisahau kisanduku, kwa kuwa kitu kinacholeta maneno ya dunia nzima ndani ya nyumba kinahitaji baraka kuliko kabati. Nikakiinua, nikamgeuzia upande wa chini pia. Padri ni mkarimu, alikinyunyizia maji ya baraka ya kutosha kubatiza mapacha.

Nikarudi dukani. Jamaa aliponiona mlangoni akaanza kucheka kabla sijafungua mdomo.

"Nimekwama," nikasema. "Karatasi imefutika."

"Imefutwa na nini?"

Nikamwambia. Alicheka akajishikilia kwenye kabati la chaja. "Dada yangu, mimi baraka zenu siziingilii. Lakini sasa inabidi nije na kompyuta na waya. Elfu kumi na mbili."

"Tulikubaliana nne!"

"Nne ilikuwa ya mdomo. Hii ni ya miguu."

Tukabishana kutoka dukani hadi nyumbani kwangu, yeye amebeba kompyuta, mimi nimebeba waya, na tulipofika mlangoni tulikuwa tumefika tisa, ile nne ikiwa ndani yake. Akachomeka waya mfupi wa bluu, akaandika namba kadhaa, na ndani ya dakika mbili akaniambia, "Haya, weka neno lako. Lisipungue herufi nane, na tia na tarakimu. Liwe kitu ambacho wewe huwezi kukisahau, na mtu wa nje hawezi kukijua."

Hapo ndipo nilipojiona nina akili.

Fikiria. Jina la mtoto wangu wa kwanza? Mji mzima unaniita kwa jina hilo. Mwaka niliozaliwa? Kila mtu hapa anaukisia, na wengine wanakisia vibaya kwa makusudi. Namba ya siri ya simu yangu? Mume wangu anaijua, ndiyo maana salio haliishi vizuri. Duniani palikuwa na jambo moja tu ambalo nisingeweza kulisahau wiki ile na ambalo mtu wa nje hakulijua. Jumatano tulikaa watatu, mama, kaka na mimi, tukapanga mahari. Tukakubaliana nianze na ng'ombe tisa, nipigane kwenye saba, nilie kidogo kwenye sita, na ikibidi kabisa, kabisa, tusishuke chini ya wanne. Mimi ndiye shangazi na mimi ndiye msemaji. Hilo la wanne nililibeba kifuani kama fedha ya kwenye sidiria.

Nikamwambia jamaa ageukie ukutani. Akageuka. Nikaandika: mwishongombe4.

"Umelirudia?" akauliza.

"Nimelihesabu mara mbili. Herufi kumi na mbili na tarakimu moja."

"Basi hapo hata mimi sikuingilii."

Jioni ile ukuta ulikuwa mweupe, hauna hata mgongo mmoja. Watu walipita wakinitazama kama nimekata mti wa kivuli. Mwendesha bodaboda mmoja akasimama kabisa. "Shangazi, kuna msiba? Mtandao umekatika."

"Haujakatika, umefungwa."

"Umefungwa na nani?"

"Na mwenye nyumba."

"Kanisa lenyewe halifungwi mchana," akasema, akaondoka bila kununua karanga. Usiku ule sikuhesabu hasara, nilipiga simu Mbeya, uso wa mzee ukatokea mzima, ukapepesa macho yote mawili, na mama akamwambia kwa simu kama anamwita ng'ambo ya mto: "Pole na mguuuu!" Tukalala tunacheka.

Jumamosi wageni wakafika saa nane mchana. Walikuwa wanne: kijana mwenyewe, mama yake, dada wa mama yake, na mshenga. Mshenga alikuwa mfanyabiashara wa mitumbwi na nyavu kutoka Mbaha, mnene, mwenye kucheka kwa bega. Nilipomwona tu nikajua nimepata mwenzangu. Tuliwafungia mlango kama desturi inavyotaka, wakapiga hodi mara tatu, tukadai kifungua mlango, mshenga akapitisha elfu tano chini ya mlango. Nikazihesabu. Nikazihesabu tena kwa sauti ili asikie. Akasema kule nje, "Hii nyumba tumefika."

Wakaingia, wakaketi mkekani. Shikamoo zikatembea, marahaba zikarudi. Mama aliwekwa kwenye kochi la mwalimu, kitenge kipya, amekaa kama hakimu. Kaka akawa pembeni yake anasugua magoti. Nikasema, "Karibuni. Sasa tumwite mzee wetu wa Mbeya. Simu yangu hii hapa, iko tayari."

Mama akainua mkono. "Mzee wao atakaaje kwenye simu yetu? Mgeni akae kwa wageni."

Wazee wote wakaitikia kuwa kweli, na ilikuwa kweli. Mshenga akatoa simu yake, akaibonyeza, akaiinua juu, akaishusha.

"Bando langu limekwisha," akasema.

"Limekwishaje? Si unatoka nyumbani leo?"

"Tulipokuwa tunapanda milima nilimpigia mzee nikamwonyesha ziwa. Hajaliona tangu avunjike mguu. Akasema geuza huku, nikageuza. Akasema onyesha na kule Liuli, nikaonyesha. Alilia kidogo. Ndipo likaisha." Akanigeukia anatabasamu. "Lakini shangazi, nasikia nyumba hii ina waifai. Nipe neno la siri."

Nilisikia moyo wangu ukishuka mpaka kwenye kandambili.

"Nunua bando," nikasema. "Duka liko hapo chini."

"Wee!" Mama alinikemea mbele ya watu. "Mgeni wa posa akanunue maji wakati mtungi umejaa? Mpe hilo neno."

Kaka, ambaye hakujua nimeweka neno gani, naye akasema, "Mpe, dada. Saa zinakwenda, paroko anafunga ofisi saa kumi na moja." Kupitia mlango wa ndani nikaliona jicho la binti. Sikuwa na pa kukimbilia, nikakimbilia kwenye biashara.

"Neno la siri ni mlango," nikatangaza. "Na mlango una kifungua mlango. Elfu hamsini."

Nilitegemea ashtuke, aseme basi, aende akanunue bando la elfu moja. Mabega ya mshenga yakaanza kucheka kabla yake. Alikuwa ananiangalia kama mtu aliyekutana na ndugu yake aliyepotezana naye utotoni.

"Shangazi, hamsini ni ya geti la bandari. Tano."

"Arobaini."

"Saba, na nasifia usipa wako."

"Usipa wangu haujaomba sifa. Thelathini."

"Kumi."

Na hapa ndipo tabia inapomuua mtu. Nilisahau kwamba sitaki kuuza. Nilisikia kumi na kichwa changu kikapanda chenyewe hadi ishirini, naye akapanda hadi kumi na mbili, na nikajisikia nasema, "Kumi na tano, mkononi, hakuna mkopo!" kwa sauti ya ushindi kabisa. Mama wa kijana akapiga kigelegele. Mshenga akahesabu noti tatu za elfu tano kwenye kiganja changu. Nikazihesabu mara ya kwanza, na nilipokuwa nazihesabu mara ya pili ndipo akili ikarudi nyumbani.

"Lete simu," nikasema haraka, "nikuwekee mwenyewe."

Akaivuta simu kifuani. "La, shangazi. Tumelipia neno, si vidole."

Wageni wakaitikia, "Neno! Neno!" Mama naye, mama yangu mwenyewe, akasema desturi ni desturi, kilicholipiwa hukabidhiwa. Nikachukua kipande cha karatasi ya kufungia karanga, nikaandika, nikakikunja mara nne, nikampa. Akakikunjua. Akasoma. Akasoma tena, huyu naye alikuwa wa kusoma mara mbili. Mabega yakaanza kutikisika polepole, bila sauti, na machozi yakamtoka. Akaandika kwenye simu, herufi moja moja, ananitazama baada ya kila herufi.

Mtandao ukashika. Mzee akatokea mzima, mweupe wa mvi, mguu umeinuliwa kwenye mto, nyuma yake pazia la maua. Mama akainama karibu, akamchunguza uso kuanzia kipaji hadi kidevu, akasema, "Ana uso wa mtu anayelipa." Hapo nusu ya kazi ilikwisha.

"Haya, mshenga," mzee akasema, "wenyeji wanasemaje?"

Nikajikaza. Nikasimama, nikafunga kitenge vizuri, nikasema bila kupepesa, "Ng'ombe tisa."

Mshenga akaigeuzia simu uso wake. "Baba, wenyeji wanaanza na tisa. Lakini mwisho wao ni wanne."

"Umejuaje?"

"Nimenunua. Elfu kumi na tano."

Chumba kilipasuka. Kaka alinitazama, nikatazama dari. Dada wa mama yake kijana alianguka ubavu. Binti alicheka huko ndani mpaka kitu kikavunjika, nadhani sahani. Mama alikuwa anauliza nini, nini, na alipoelezwa alisema kwa utulivu, "Nilizaa mtoto wa kuuza hata kitako chake." Hata mimi nilianza kucheka, huku nimeshikilia zile noti tatu kama tiketi ya basi lililokwishaondoka.

Aliyebaki bila kucheka ni mzee wa Mbeya. "Nyamazeni," akasema, na tukanyamaza. "Wanne? Mimi mke wangu nilimtoa kwa sita, na zamani zile samaki tulikuwa tunagawiana bure. Nimchukulie mwanangu mke kwa wanne, watu wa Mbaha waseme tumemwokota? Sitaki. Semeni saba."

Sijawahi kuona kitu kama hicho tangu nianze kuuza. Mnunuzi anapandisha! Nikafungua mdomo nikubali, lakini kaka akanivuta kitenge, akaninong'oneza, "Dada, usithubutu. Mzee anaahidi, atakayelipa ni kijana. Akimaliza kulipa saba, mwanangu atakula ugali kwa chumvi mpaka wajukuu waanze shule."

Kwa hiyo nikageuka, nami kwa kinywa changu nikapigana kushusha. "Mzee, saba ni wengi mno. Wanne wanatosha."

"Unanidharau? Sita na nusu!"

"Nusu ya ng'ombe tutaifunga wapi, mzee wangu? Wanne, na mbuzi."

"Sita!"

"Wanne na mbuzi wawili, na nakuomba kwa heshima zako."

Mshenga alikuwa anageuza simu huku na huku kama mwamuzi, hajui yuko upande wa nani. Mimi mwenyewe sikujua. Nilikuwa nasikia raha ya ajabu, kama mtu anayekimbia kurudi nyuma na bado anashinda. Mwishowe mama akagonga mkono wa kochi. "Watano," akasema. "Na blanketi langu la bibi lisiwe la mtumba." Mzee akamtazama kutoka Mbeya, mama akamtazama kutoka Mbinga, na mzee akasema, "Mama amesema." Vigelegele vikapasua bati. Kijana na kaka wakatoka mbio kwenda parokiani, na saa kumi na moja kasoro dakika nane jina likaandikwa. Jumapili asubuhi tulilisikia likisomwa, nasi benchi zima tukacheka kanisani kama wendawazimu.

Jumatatu nilipoamka, migongo ilikuwa imerudi ukutani. Kumi na minne. Nikahesabu tena: kumi na minne. Nikamuuliza yule wa bodaboda ameingiaje. Akanijibu bila aibu: "Kwa mwisho ng'ombe wanne, shangazi. Hongera kwa watano." Kumbe mshenga alikesha kwenye mgahawa wa stendi akisimulia posa kuanzia hodi hadi blanketi, na hakuacha hata tarakimu.

Mchana akaja kuaga. Akanywa chai, akala usipa, akausifia. Kisha akasema, "Shangazi, kifungua mlango hulipwa kwa mlango uliofungwa. Neno nililonunua kwa kumi na tano sasa kila mtu analo bure. Nirudishie kumi, tano nakuachia kwa jasho lako."

"Si wewe uliyelitangaza?"

"Mimi nilitangaza posa, ndiyo kazi ya mshenga. Neno lilikuwa ndani yake."

Kaka anasema nirudishe, kwa kuwa alitulipia kwa uungwana. Mama anasema shilingi ya mlango wa posa hairudi nyuma. Ukiirudisha, na ndoa inaifuata. Binti ana watoto wawili sasa, anacheka tu, hataki kutoa uamuzi. Na mshenga kila akipanda kutoka Mbaha anapita kwangu, anakunywa chai, ananidai elfu kumi yake. Ninazo, ziko ndani ya kopo, zile zile noti. Zile chai nazo nimezihesabu, zimeshapita thamani hiyo, lakini yeye anasema chai ni undugu na deni ni deni.

Basi wewe unayesoma, kama kwenu mila hizi mnazijua vizuri kuliko sisi, nishauri. Hizi elfu kumi nimrudishie, au nimwongezee sukari?